Kinga Yangu ya Mionzi

Jumatatu, 11 Oktoba 1993

Nimepata! Safari hii ni kweli. Asubuhi nilinunua maandazi, yakafungwa katika kipande cha gazeti. Nikala maandazi, nikasoma gazeti. Wataalamu wa ng'ambo wamewalisha panya manjano, tangawizi na vitunguu saumu, kisha wakawapiga mionzi. Panya waliokula vitu hivyo walidhurika kidogo kuliko wenzao. Habari inaendelea: "Hata hivyo, wataalamu wanaonya kwamba..." Hapo karatasi imechanika. Haidhuru. La maana nimeshalisoma.

Sasa, hapa Newala mionzi iko wapi? Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Kwa Yassini! Tangu biashara iwe huria, Yassini amekuwa mtu mzito. Alikwenda Dar es Salaam na magunia ya korosho, akarudi na jenereta, televisheni na deki ya video. Kila jioni watu wanajazana kwake kutazama Wahindi wakilia na Wachina wakipigana. Na baiskeli nilimfundisha mimi! Televisheni inatoa mionzi. Nani atabisha?

Mke wangu, Anastasia, ameuliza kama panya wale walikuwa Wamakonde. Nikaenda sokoni kutafuta manjano.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimetengeneza. Maji huku juu ni ya kugombania, kwa hiyo nimetumia mabibo. Watu wanachukua korosho, mabibo wanayatupa. Ujinga mtupu. Nimekamua beseni zima, nikatia manjano, tangawizi na vitunguu saumu. Rangi nzuri mno. Harufu tuiache.

Jioni nikasimama mbele ya ukumbi wa Yassini nikahutubia. Nilisema mionzi huingia kwa macho, hushuka mgongoni, kisha hula uboho polepole kama mchwa. Hapo kwenye uboho hata mimi mwenyewe nilisisimka. Chupa zote zimekwisha! Mama mkwe alikuwa akipita na kapu lake kichwani. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Nilijiona mheshimiwa.

Ijumaa, 15 Oktoba

Yassini hana haya. Nilitegemea atakasirika. Badala yake amebandika tangazo: kila anayekata tiketi anapewa kikombe cha kinga ya mionzi bure. Na ya kwake ina sukari! Nilimfuata nikamwambia ameiba utafiti wangu. Akauliza nilitafiti wapi. Nikamjibu, kwenye maandazi. Nilikusudia kusema gazeti. Foleni nzima ikacheka.

Jumamosi, 16 Oktoba

Chupa mpya nilizianika juani zikolee. Mchana vizibo vikaanza kufyatuka. Kimoja kimempata jogoo wa jirani, mpaka sasa anatembea upande. Nikaonja. Lahaula! Uraka. Mabibo yamechachuka yamekuwa pombe, ile ile inayonywewa kila uchochoro msimu huu.

Nilitaka kumwaga, nakiri, kwa dakika moja hivi. Lakini wateja wakafika, wakanywa, wakaketi. Wakasema kinga ya leo inafanya kazi waziwazi. Mmoja alisema anausikia mwili ukikingwa kuanzia magotini. Mimi nani nimkatalie?

Jumapili, 17 Oktoba

Balaa. Mama mkwe ameanguka shambani Mkunya akiokota korosho. Mguu wa kulia haukanyagi. Mganga wa zahanati amesema ateremshwe Masasi hospitali, nyonga ipigwe picha ya eksirei.

Mama amekataa. Amesema mkwewe, mtu aliyesoma, alisimama hadharani akaeleza mionzi inavyokula uboho, na yeye uboho wake bado anauhitaji. Atakwenda kwa sharti moja: kabla ya picha anywe ile kinga. Ndugu wote wakanigeukia. Yeye ni mama wa kanisa, pombe hajawahi kuionja. Nikasema, ndiyo, Mama, nitabeba chupa.

Anastasia ameanza kuhesabu chupa zilizobaki, moja moja. Ningependa angenitukana.

Jumanne, 19 Oktoba

Naandika nikiwa Masasi. Tuliteremka na lori la mnunuzi wa korosho, Mama amelazwa juu ya magunia. Kila bonde aliuma kanga asipige kelele. Mimi nilikumbatia chupa. Nilipanga kwamba tukifika nitaibadilisha kwa maji, atakunywa, basi. Mpango mzuri. Bomba la hospitali lilikuwa kavu.

Kwenye foleni ya eksirei akina nani wapo? Wateja wangu watatu, wamekuja kupigwa picha ya kifua, kila mmoja na chupa yangu mkononi. Wakanisalimia kwa heshima. Mtaalamu wa mashine, bwana mpole anayeitwa Nikolao, akaita jina la Mama.

"Baba Rose," Mama akaniambia, "nipe kinga yangu."

Nikolao aliichukua kwanza, akanusa, akanitazama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda jioni mgonjwa atapewa dawa ya usingizi avutwe mguu. Akiwa na pombe mwilini anaweza asiamke.

Nilifikiria biashara. Nilimtazama Mama, jasho linamtiririka, mkono ameunyoosha ananingoja. Mtu ananiamini! Si jambo linalonitokea mara nyingi.

"Mama," nikasema, "ni mabibo na manjano. Yamechachuka. Ni uraka."

"Ulitaka kunilewesha?"

"Hapana, Mama."

"Na uboho?"

"Uboho niliutunga."

Akanichapa kwa fimbo yake begani. Kwa mgonjwa, ana nguvu. Wateja wangu wakatazamana. Nilingoja wanirushie chupa. Mmoja akauliza kama nimebakiwa na nyingine.

Bado Mama aligoma. Akasema ataingia iwapo nitaingia naye, kama kweli mionzi hainitishi. Hainitishi! Miguu yangu ilikuwa imekwisha kuamini hotuba yangu yote. Nikolao alinivika aproni nzito kama mfuko wa saruji, akasema ndani yake mna risasi, yale madini, na mionzi haipenyi. Nikamshika Mama mabega. Mashine ikavuma. Nilifumba macho nikasali sala zote ninazozijua, nikaongeza na za Waislamu.

Mfupa umepasuka. Daktari amesema angekaa nyumbani, asingetembea tena. Sasa atatembea. Anastasia alilia, kisha akanipa nusu ya ndizi yake. Mama akaniita kitandani. "Baba Rose, ulitetemeka kuliko mimi." Halafu akanishika mkono, akalala.

Nimeapa. Biashara za ujanja basi.

Alhamisi, 21 Oktoba

Nimerudi Newala peke yangu. Anastasia amebaki na mama yake. Amenituma nilishe kuku na, alirudia mara mbili, nisifanye jambo jingine lolote.

Kuku nimewalisha. Nikabaki nakumbuka ile aproni. Risasi! Si maji ya mabibo, hii ni sayansi, nimeivaa mwilini! Nikiyeyusha risasi ya kutosha nikaishonea ndani ya vitenge, kila mtazamaji wa video atataka vazi lake. Kinachokosekana ni malighafi tu.

Nimeandika kibao kwa herufi kubwa: NANUNUA RISASI, MPYA NA KUUKUU, HATA YA MSUMBIJI. Nimekitundika penye watu wengi, mkabala na kituo cha polisi. Nimekaa chini yake naandika haya, na tayari askari wawili wamevuka barabara wanakisoma. Sasa wananijia, na mwenye cheo anakimbia.

Wateja wa kwanza!