Almasi za Kupima

Jumatatu, 5 Januari 2026

Nafasi moja. Madam Celestine wa nasari ya kanisa amesema PP1, darasa la kwanza pale, imebaki nafasi moja tu, na ataishikilia mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ada ni shilingi elfu mbili na mia tano, mkononi. Pesa za kutumwa kwa simu hataki, eti kuna wazazi huzirudisha kwao wakishatuma. Kuna mama wa mtaa wa Kaptembwo anaulizia nafasi hiyo hiyo. Nimemwona. Ana kiatu kizuri.

Pesa ninazo. Baba Kimberly alituma jana kutoka Kikopey, kule anakochoma nyama. Lakini sweta ya shule ni mia sita peke yake, na Kimberly alinishika sikio akaniuliza kama sweta yake itakuwa na mfuko. Nikasema miwili. Sijui kwa nini nilisema miwili.

Basi nimewaza. Pale kwa meza yangu ya mandazi vijana hushinda na simu wakicheza gemu ya kubomoa ngome. Silaha nzuri hununuliwa kwa almasi, na almasi anauza Kahiga wa cyber, duka la intaneti ng'ambo ya njia. Almasi mia, bob mia na hamsini. Chini ya hapo hauzi. Vijana wana ishirini ishirini, wanatoka kwake wameinamisha kichwa.

Mimi nimewapimia watu wa mtaa wetu wa Rhonda mafuta ya bob kumi miaka mitatu. Unga kwa kikombe. Sabuni kwa vipande. Leo nimeuliza kifurushi kikubwa kabisa cha almasi ni bei gani. Elfu mbili na mia tano. Unapewa almasi elfu mbili na mia tano, na mia tano za bonasi juu. Elfu tatu. Nikiuza sita kwa kumi, napata elfu tano. Nimepiga hesabu mara nne nyuma ya daftari la Kimberly. Haikatai.

Tena bei ya kifurushi ni sawa kabisa na bei ya shule. Hiyo si bahati. Hiyo ni ishara.

Jumanne, 6 Januari

Nimenunua asubuhi mapema, moja kwa moja kwa wenye gemu. Jina la akaunti: MamaKimberly. Almasi ziliingia zikilia kama sarafu kwenye bakuli. Nikaandika kibao kwa makaa: ALMASI KADOGO, BOB KUMI.

Wa kwanza alikuwa Omolo, yule wa kubeba mawe ya kujenga, anayekula mandazi saba kama mtu anayeonja. Akatoa ishirini. Nikamwambia aweke simu yake kando ya yangu. Nikatafuta pa kumiminia. Nikatafuta tena. Omolo akarudisha simu yake mfukoni.

"Mathe, hizi si mafuta. Zikishaingia kwa akaunti hazitoki. Unazitumia wewe mwenyewe."

Nikamuuliza, hata sita?

"Hata moja."

Kahiga aliyasikia yote. Hakucheka. Alivuka njia, akaagiza andazi moja, akauliza kama naweza kumpimia nusu.

Nimewaandikia wenye gemu. Wamejibu haraka kwa Kiingereza. Wananishukuru, wananiita shujaa, na pesa hazirudi.

Baba Kimberly alipiga jioni akauliza kama nimelipa. Nikasema mambo ya shule yanaenda. Kweli yanaenda. Sikusema yanaenda wapi.

Jumatano, 7 Januari

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na akili. Kama almasi hazitoki, basi watu waingie. Nimemnunulia MamaKimberly mavazi ya dhahabu na upanga wa moto, almasi elfu moja na mia mbili. Sasa nakodisha. Dakika kumi, bob kumi, unapigana ukiwa MamaKimberly. Saa ya kuhesabia ni ile ya kuchemshia mayai.

Vijana walipanga foleni mpaka kwa fundi wa viatu. Wanaume wazima wanaitana MamaKimberly, nishike mkono, nimezingirwa.

Saa nane Kahiga akatoa kibao. Kwake kuna kompyuta kubwa, mavazi yale yale, na unajiunga kwa wiki: bob tisini na tisa. Foleni yote ikavuka. Nilimuuliza Omolo tisini na tisa ina nini ambacho mia haina. Akasema mia ni mia, lakini tisini na tisa bado ni tisini. Nimelifikiria hilo sana.

Nikashusha yangu kuwa bob tisa. Wale wa ishirini ishirini wamerudi. Shida ni kwamba kila mtu analeta kumi, na mimi sarafu za bob moja sina. Nimewarudishia chenji kwa peremende. Peremende mimi hununua bob mbili.

Mia tatu na kumi. Zimebaki siku mbili.

Alhamisi, 8 Januari

Bei imerudi kumi, bila peremende. Kufika saa tisa jumla, pamoja na faida ya mandazi, ilikuwa mia tisa na themanini. Nikainama kugeuza mandazi, na simu ilikuwa mapajani mwa Kimberly. Dakika moja tu. Mandazi hayangoji.

Amefungua masanduku ya bahati. Yote aliyoweza. Kila moja linameza almasi hamsini, na kidole cha mtoto wa miaka minne hakichoki. Almasi elfu moja na mia nane. Sufuri.

Kimberly akaniinulia simu, akasema mama, kuku anacheza. Kweli, jogoo wa rangi ya waridi, anacheza juu ya ngome. Kimberly akacheza naye. Ningefanya nini? Nilikaa chini nikamtazama.

Omolo alipomwona jogoo akavua kofia. Kumbe jogoo huyo hapatikani, mtaa mzima hakuna aliye naye. Haikupita nusu saa, Kahiga akaja mwenyewe na kunisalimia vizuri. Eti anataka akaunti yote, na jogoo wake. Elfu moja na mia sita, sasa hivi.

Mia tisa themanini na elfu moja mia sita. Shule imelipwa, inabaki themanini.

Lakini bei ya kwanza ni ya kufungulia mazungumzo, hata mtoto anajua. Nikasema elfu nne. Akasema, "Mama Kimberly, lala salama," akavuka njia.

Kesho atarudi asubuhi, akibembeleza.

Ijumaa, 9 Januari

Hakurudi. Wenye gemu ndio wamerudi. Saa mbili asubuhi wametangaza ofa ya wikendi: jogoo wa waridi kwa kila mtu, almasi hamsini. Kufika saa nne, jogoo walikuwa wengi Rhonda kuliko watu.

Saa nne na nusu nikavuka njia mimi, Kimberly mgongoni. Kahiga akasema akaunti sasa ni mia tisa, tena kwa sababu ya mavazi. Sikubishana. Bado kwa ada zilipungua mia sita na ishirini. Alitazama meza yangu. Akauliza mtungi ule wa mafuta una kiasi gani.

Nusu, na kidogo.

Akachukua kipimo changu mwenyewe, akapima kikombe baada ya kikombe mpaka mtungi ukakauka. Mafuta yanatoka. Yanaingia. Akanipa mia sita na ishirini, haikupungua.

Nilikimbia. Kimberly alikuwa akihesabu mbuzi njiani. Madam Celestine alikuwa mlangoni na yule mama wa Kaptembwo, na saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika sita kufika saa sita. Nilimwaga sarafu na noti mezani. Madam akazihesabu mara mbili. Nikamshusha Kimberly mgongoni.

Madam akaandika jina la mtoto kwenye kitabu. Kwa wino. Sweta, akasema, lazima iwepo kufikia Jumatano.

Mama wa Kaptembwo alimpa Kimberly ndizi. Nimeomba msamaha kimoyomoyo kuhusu ile habari ya kiatu.

Jumapili, 11 Januari

Baba Kimberly amekuja na kuondoka. Alimbeba mtoto kutoka kanisani mpaka nyumbani, akasema mke wangu una kichwa. Ameacha mia sita za sweta.

Nimeapa. Almasi basi. Vitu visivyoshikika basi. Mimi ni mtu wa mandazi.

Lakini mafuta sina, na bila mafuta hakuna mandazi. Nimeyanunua kwa mia sita hizo, pamoja na unga, kwa muda tu. Maana wiki hii nimejifunza kitu kutoka kwa Kahiga: watu wakilipa mara moja kwa wiki, hawaulizi tena. Nimeandika kibao kipya, safari hii kwa rangi: MANDAZI, JIUNGE KWA WIKI, BOB TISINI NA TISA, ULE MPAKA UTOSHEKE.

Mpaka Jumatano pesa ya sweta itakuwa imerudi, na mifuko yake miwili, na viatu juu yake. Hesabu nimeipiga mara nne.

Mteja wa kwanza ameshalipa, tena mia kamili, akakataa chenji. Omolo. Amesema kesho atakuja mapema na njaa.

Aje. Mtu ana tumbo moja tu.