Ombi la Kurudishiwa Usukani Mgumu

Kwa Fundi Mkuu,
Karakana ya Mashine za Boti,
Mlango wa pili kutoka gatini.

Shemeji yangu mpendwa, ambaye leo nakuandikia kama Fundi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI YAKO KUWA NZURI KUPITA KIASI

Natumaini u mzima na kile kidole ulichokibana na spana kimepona. Mimi mwili hauna shida. Nimeshika kalamu badala ya kuja mwenyewe, ingawa karakana yako ni hatua hamsini kutoka kitandani kwangu, kwa sababu kila nikija unanipa kiti na chai na hasira zinaniisha. Safari hii nataka zibaki.

Jumatatu ya wiki iliyopita uliingia kwenye boti yetu ya kuvushia abiria, ukang'oa usukani wa waya uliotuhudumia miaka kumi na moja, ukafunga huu unaosukumwa kwa oili. Dada yako, ambaye ni mke wangu na ndiye nahodha, alikupongeza. Abiria walipiga makofi. Mimi sikuulizwa neno. Nilikushikia tochi muda wote ukiwa umejikunja chini ya dashibodi, kumbe nilikuwa namulika kaburi langu mwenyewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Usukani ni mwepesi mno. Ule wa zamani ulikuwa umeshikwa na kutu na haukumficha mtu tabia yake. Dada yako aliushika kwa mikono miwili, akauegemea kwa kifua, na ulipogoma kabisa alipaza sauti: "Bega!" Hapo mimi, niliyekaa nyuma kabisa kando ya mashine, niliitia bega na kuisukuma mpaka boti ikakubali kugeuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliijua. Sasa anauzungusha kwa kidole kimoja, tena kile kidogo. Siku ya kwanza nilikaa na bega tayari kutoka gatini hadi ng'ambo. Sikuitwa hata mara moja.

2. Mkono wake wa pili umekosa shughuli, kwa hiyo anapungia watu. Alianza na wale wanaofua nguo ukingoni, nikanyamaza. Tangu Alhamisi anampungia nahodha wa boti ya bluu, yule mwenye masharubu, naye anapunga. Sisemi lolote kuhusu masharubu ya mtu. Nasema tu kwamba usukani wa waya haukuruhusu mambo hayo.

3. Boti inakwenda moja kwa moja. Zamani ilikuwa inavutia kushoto, tunakata kona kubwa katikati ya maji, na safari inachukua dakika ishirini na tano. Sasa ni kumi na nne. Msusi anayevuka na mteja wake kila asubuhi alikuwa anamaliza kichwa kabla hatujafunga kamba. Jana alimshusha mwanamke wa watu akiwa amesukwa upande mmoja, upande wa pili ameushika kwa mkono, anakwenda kazini hivyo hivyo. Yule mzee anayetusomea gazeti kwa sauti hafiki tena kwenye michezo, na nusu ya abiria hawajui timu yao ilifungwa. Dakika kumi na moja za watu wazima zimepotea, Fundi, na wewe ndiye uliyeondoka nazo.

4. Cheo changu kimekufa. Unajua kwamba gati zima linaniita Bwana Bega. Hata dukani nikinunua sabuni naitwa hivyo, na sabuni napewa kwa heshima. Juzi muuza vitunguu aliniomba nisogee ili aweke gunia lake mahali pangu, kwa kuwa, alisema, siku hizi pako wazi tu. Nilikuwa nimepakalia. Nikasogea. Nikamtazama nahodha nikitegemea ataikemea dhuluma ile, lakini yeye alikuwa anatazama mbele, kama nahodha anavyotakiwa, na gunia likakaa mahali pangu mpaka ng'ambo.

5. Hili nimeliandika mara tatu na kulifuta mara mbili. Dada yako si msemaji. Mmekua pamoja, unamjua. Nyumbani anaweza kuimaliza siku nzima kwa "haya" na "mlango umefunga?" Lakini kwenye boti alikuwa ananiita. Nilihesabu: mara tisa kwenda, mara tisa kurudi, mbele za watu. Hakuita kwa hasira. Aliita bila kugeuza shingo, kwa sauti ya mtu asiye na shaka kwamba nyuma yake kuna mtu. Sasa tunavuka kimya, mimi natazama mgongo wake na mapovu ya mashine. Naogopa, shemeji. Akishaona kwamba boti inageuka bila mimi, ataona kwamba na birika linachemka bila mimi, kitasa kinafunga, taa inazima, na kabla mwaka haujaisha nitakuwa mgeni katika nyumba niliyoipaka rangi kwa mkono wangu.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima zote uturudishie usukani wa zamani ndani ya siku saba. Nimeuona nyuma ya karakana yako, chini ya turubai, kwa hiyo usiniambie umeutupa. Kutu yake isiguswe. Kama ulishaupaka grisi, ifute. Na ule waya, kama ulinyooka wakati wa kuutoa, uupinde tena palepale ulipokuwa umepinda, usawa wa kiti cha tatu. Ukikaidi nitalipeleka shauri hili kwa mama mkwe, na unajua tangu siku ya harusi yeye yuko upande wangu.

Nisalimie wote hapo kwako: mama mkwe mwenyewe, shemeji mkeo, watoto kwa ukubwa wao, mafundi wenzako, na yule anayetuchemshia chai. Mwambie mama mkwe mimi sijambo, ila usimwambie sana.

Nabaki wako nisiye na kinyongo,

Mume wa dada yako,
Aliyekuwa Msaidizi wa Usukani.

Nyongeza: Leo asubuhi barua hii ilikuwa mfukoni mwangu, nikuletee baada ya safari ya kwanza. Tulipofika katikati ya maji usukani ukalegea. Dada yako anazungusha, boti haimsikii. Akazima mashine, tukajifunga kwenye boya lililokuwa kando yetu, akaitoa ile karatasi ya maelekezo uliyomwachia. Umeandika kwamba hewa ikiingia kwenye oili itolewe na watu wawili: mmoja azungushe usukani, wa pili awe nyuma kwenye mashine, afungue nati ndogo, aangalie mapovu, na afunge akiambiwa. Muuza vitunguu, ambaye ni mtu wa nguvu na hana ubaya, akainuka kusaidia. Dada yako akamwambia, "Wewe kaa. Hiyo kazi ina mwenyewe." Kisha akageuka, akaniita kwa jina langu, lile nililopewa na wazazi, ambalo nilidhani amelisahau. Kwa dakika ishirini tulikuwa "fungua", "funga", "bado", "sasa", abiria wote kimya wanatusikiliza. Nimelowa oili mpaka kwenye kiwiko na sijisikii vibaya.

Kwa hiyo ule usukani wa zamani uuze tu. Na huu mpya usije kuuangalia. Kuna hewa kidogo imebaki ndani, lakini hiyo tutaitoa wenyewe kesho, na nyingine kesho kutwa.