Uzinduzi wa Mguu wa Kudra

Kwa mara ya kwanza katika historia ya ukanda wa dhahabu, mguu wa binadamu ulizinduliwa rasmi. Utepe ulifungwa gotini, ukakatwa kwa mkasi, na watu wa Nyarugusu wakapiga vigelegele. Kudra, mwenye mguu, aliombwa asitikisike.

Kudra alikuwa akiuza chapati kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, mpaka siku mkanda wa mashine ulipompokonya mguu wa kushoto. Tangu hapo hata chooni alikwenda kwa kumwomba dada yake. Ndipo Naznin, fundi wa viungo bandia kutoka Shinyanga, akampima kwa kamera, akachapa mguu mpya wa plastiki kwa printa ya 3D, kisha akauchonga michoro ya twiga na maua ya pamba mpaka kwenye kisigino. Siku alipouvaa, Kudra alizunguka uani peke yake, akalia.

Mheshimiwa Makoye, mwenyekiti wa Kamati ya Urembo wa Viungo, aliona hatari.

"Mama, huu si mguu tena," alitamka mbele ya umati. "Ni kazi ya sanaa, mali ya umma. Hauruhusiwi kukanyaga vumbi."

"Sasa nitembee na nini, mheshimiwa?"

"Na ule mwingine."

Naznin alijaribu kueleza kwamba mguu aliutengeneza ukanyage. Akashukuriwa kwa mchango wake, akaombwa akae.

Kudra akafikiri. "Na mali ya umma ikitaka kuhama, nani anaihamisha?"

"Mlezi wake, yaani mimi!" Makoye alijipiga kifua. "Mwingine haruhusiwi hata kuigusa."

"Haya, mheshimiwa. Inataka kwenda kununua unga."

Gari la Makoye lisingepenya kati ya makarasha kufika dukani. Umati ulikuwa unasubiri, simu zikiwa juu. Makoye akachuchumaa na suti yake, Kudra akapanda mgongoni.

"Mwangaluka, mheshimiwa!" wachimbaji walimwamkia njiani. "Leo umepata mzigo?"

"Taratibu," Kudra alimwonya. "Usije ukaukwaruza."

Kwenye mlima wa mawe Makoye alisimama, jasho likimchuruzika. "Mama, kamati imeridhia... mguu ukanyage."

"Imeketi lini?"

"Inaketi sasa hivi."

"Mbona naiona imesimama?" Kudra akajiweka sawa mgongoni. "Itembee kwanza. Dukani si mbali."