Babu wa Ukutani

Kwa maneno ya Opoka, ile nyumba ya mawe ingeporomoka siku ambayo yeye angechukua likizo! Wakoloni waliijenga, ikaja kugeuzwa makumbusho, lakini ukimsikiliza Opoka, mwenye nyumba ni yeye. Kazi yake ni kufagia veranda. Mimi nakata tiketi mlangoni, basi majigambo yake nayasikia mpaka masikio yanaomba ruhusa.

Jumapili alimleta mchumba wake Adoch pamoja na shangazi wa huyo binti, Mama Acayo wa mtaa wa Kyebando, mjane wa polisi. Shangazi huyo asipokubali, hakuna ndoa. Opoka alivaa tai ndefu kuliko uchumba wenyewe!

Akawatembeza. Kitanda cha mzungu, bafu la mzungu, hata choo cha mzungu alikisifu! Shangazi akapitisha kidole mezani kutafuta vumbi. Jasho likamtoka Opoka. Sebuleni wakakuta picha ya sajini Mwafrika wa zamani, kifua mbele, medali tele. Jina lake hakuna anayelijua, hata sisi wa makumbusho.

“Mama, huyu ndiye babu yangu,” Opoka akaropoka. “Ndiye alizaa baba yangu. Mzungu alikuwa hawezi kula kama yeye hajasema kula!”

Shangazi akavaa miwani, akaisogelea picha, akapiga yowe la mshangao.

“Banange! Hii mtu ni babu yangu mimi!”

Adoch akaziba mdomo. Hawa ni Waacholi, na kwao watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata wapendane vipi.

“Opoka, mtoto wetu!” Shangazi akamkumbatia. “Kumbe wewe ni ndugu ya Adoch! Harusi imekufa, lakini tumepata kijana.”

Masikini Opoka! Akamtazama Adoch, machozi yakamlenga.

“Mama, nisamehe. Nilidanganya. Hii mtu simjui.”

“Na babu yako ya kweli alifanya kazi gani?”

“Alikuwa... alikuwa anaosha mbwa ya mzungu.”

“Sema kwa nguvu!”

“Alikuwa anaosha mbwa!”

Watalii wote wakageuka. Mimi nilijificha nyuma ya mlango nikicheka mpaka mbavu zikauma.

Shangazi akavua miwani, akaipangusa taratibu.

“Hata mimi simjui huyo wa ukutani. Babu yangu alikuwa anauza tumbaku.” Akamgeukia Adoch. “Ndoa nimekubali.”

Opoka akaruka kwa furaha!

“Ngoja kwanza,” shangazi akasema. “Jumamosi kuja Kyebando na sabuni. Kwangu kuna mbwa tatu, na kazi ya ukoo wenu isipotee.”