Jinsi Nilivyomshughulisha Tanbihi

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa! Mahakama ya kimataifa, ng'ambo, miezi sita ya mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wa uzamili wa sheria. Chuo chetu kimepewa nafasi moja. Moja tu! Nimelisoma mara tatu pale ubaoni, kisha nikasimama mbele yake ili wengine wasilione. Nilisimama imara mpaka mfagizi akaniomba nisogee apitishe ufagio. Nikasogea. Wakaliona wote.

Hakuna wa kunitisha ila mmoja. Tanbihi! Binti huyu tuko naye darasa moja. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu hata akikutumia ujumbe wa simu kukuambia kuwa mhadhara umeahirishwa, chini yake anaweka chanzo cha habari. Ana akili za kuudhi. Nami mwaka huu ndio wa mwisho. Nikikosa, nahitimu na kurudi kwa yule wakili mwenye ofisi juu ya saluni, ambako likizo iliyopita niligonga mihuri mpaka kidole gumba kikawa cha zambarau. Siendi tena kule. Ng'o!

Nimemwambia mama kwamba naomba nafasi. Mama ni fundi cherehani, na masikio yake husikia anachotaka. Kabla sijavua kiatu cha pili, jirani alikuwa ameshaambiwa kuwa mwanawe ameitwa kuhukumu dunia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata mbinu! Nimeipata bafuni, nimetoka na povu kichwani kuja kuiandika. Maombi yanataka insha ya kurasa kumi. Insha inataka muda. Je, Tanbihi akikosa muda? Simrogi. Simsingizii. Namshughulisha tu! Hakuna kifungu cha sheria kinachokataza kumshughulisha mtu. Nimetafuta.

Mchana nikaenda kwa Profesa, msimamizi wetu, ambaye anaandika kitabu kuhusu mikataba ya mipaka tangu mimi niko sekondari. Nikamwambia, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba Tanbihi hapati usingizi kwa hamu ya kumsaidia kuhakiki marejeo. Profesa karibu alie. Akauliza kama mimi nami nina hamu hiyo. Nikasema ninayo, ila macho yangu yana tatizo.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimesukwa.

Jumatano, 13 Machi

Mambo yananyooka! Nimempeleka Tanbihi kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Yaani nimepeleka jina lake. Wakili wa kituo, mama mmoja asiyecheka, alikuwa anatafuta mtu wa kukaa Jumamosi kutwa nzima akisikiliza wapangaji waliofungiwa milango na wajane walionyang'anywa viwanja. Nikamwambia mtu huyo yupo na anaumwa na huruma. Halafu mashindano ya kesi za kuigiza: timu ya chuo ilikuwa haina nahodha. Nikaandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito, kisha nikapigia mstari.

Jioni nimekutana naye ngazini, amekumbatia mafaili mpaka kidevuni. Nikajua leo nakula kofi. Lo! Akanishukuru! Akaniita kaka. Akasema tangu aingie chuo hiki watu humkumbuka wakitaka kunakili kazi yake tu, na mimi ndiye wa kwanza kumtaja kwa jambo jema. Nilisikia mchomo hapa kifuani. Nikanywa maji, ukapita.

Insha yangu bado sijaianza. Ila nimepiga picha ya maombi. Nimepiga ishirini na sita. Katika moja nafanana kabisa na jaji.

Ijumaa, 22 Machi

Mdogo wangu wa kike haachi kunichokonoa. Leo ameuliza, huku anajipaka rangi ya kucha, kwamba huyo mwenzangu anashughulika na kazi tatu, je, mimi nashughulika na nini? Nikamwambia nashughulika na mikakati. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Kumbe nina kazi! Ng'ambo kuna baridi. Mwanasheria makini hujiandaa mapema. Mama amenishonea koti kwa blanketi na bitana ya mapazia, zito kama deni. Mjomba ana bucha, na bucha ina chumba cha baridi. Nikaomba nikae humo saa moja nisome kanuni za mwenendo wa mahakama, nizoee hali ya hewa. Mjomba akasema kwao hakuna wazimu, kwa hiyo hajui nimeutoa wapi. Akanifungulia.

Nikaketi kwenye ndoo katikati ya nusu mbili za ng'ombe. Vizuri sana mwanzoni! Kisha mjomba akapata wateja wengi, akanisahau. Nilipiga kelele, nikaruka kichura, nikaimba nyimbo zote za shule ya msingi. Mwishowe mlango ukafunguliwa na mteja akaingizwa achague paja. Akaona koti linamjia mikono mbele. Alikimbia, na hakurudi. Mjomba amenipiga marufuku dukani kwake mpaka nitakapokuwa jaji.

Mafua yameanza.

Ijumaa, 29 Machi

Siku ya mwisho ya maombi. Insha nimeiandika mchana wa leo, huku napiga chafya. Kurasa kumi! Mbili za kwanza ni za kueleza maana ya neno mahakama. Pambizo nimeziachia nafasi ya kupumua. Nimetuma dakika kumi kabla ya mlango kufungwa, nikatoka kwenda kumtazama Tanbihi anavyohangaika.

Hahangaiki! Alituma Jumatatu! Anasema insha imejiandika yenyewe, maana kila Jumamosi wajane walimpa mifano, na marejeo ya Profesa yalikuwa mezani kwake tayari. Na timu yake ya kesi za kuigiza imeshinda. Imeshinda! Akanipa nishike kikombe cha ushindi. Nikakishika. Kizito.

Nimemwuliza mdogo wangu dawa ya mafua. Amenitajia kisima tena.

Jumanne, 9 Aprili

Usaili. Sauti imekwenda, nimebaki na mkwaruzo. Nilivaa koti la mama, maana aliniambia nisipolivaa nisirudi nyumbani. Jasho lilitiririka mpaka soksi zikaloa. Mbele yangu Profesa, wakili wa kituo, na mwanamke wa mahakama ya ng'ambo kwenye kioo cha kompyuta.

Wakauliza muhula huu nimefanya nini. Nikasema kwa mkwaruzo kwamba nimefanya uratibu wa vipaji. Nikategemea wacheke. Profesa akaitikia kwa kichwa! Akamwambia yule wa ng'ambo kuwa ni mimi niliyemwibua Tanbihi. Wakili wa kituo akasema ni kweli, na akatabasamu, jambo ambalo nilidhani haliwezi. Basi yule mwanamke akaniomba nimweleze kidogo kuhusu huyo Tanbihi.

Hapo ndipo shetani alipouchukua ulimi wangu. Kidogo! Nilieleza yote! Marejeo mia nne aliyohakiki, wapangaji aliowarudisha ndani, alivyomjibu jaji wa kuigiza mpaka jaji akasahau swali lake. Nani angeyajua kama siyo mimi? Kila kazi ile niliitafuta kwa miguu yangu! Nilisimama, nikapanua mikono, koti likaangusha jagi la maji. Muda ukaisha nikiwa bado kwenye wajane. Yule mwanamke alikuwa anaandika haraka haraka.

Nimetoka nikitembea juu ya mawingu. Sijawahi kuzungumza vizuri namna ile maishani mwangu. Nimefika getini ndipo nikakumbuka nilikuwa nazungumza habari za nani.

Jumatatu, 15 Aprili

Tanbihi.

Nimelia. Nasema ukweli, hiki ni kitabu changu. Niliitaka nafasi ile. Nilikuwa nimeshajiona kwenye korido ndefu, nimebeba faili la nchi mbili zinazogombana, watu wakinipisha. Nimejifungia chumbani, na mdogo wangu akapitisha leso chini ya mlango bila kutaja kisima. Hilo ndilo lililoniliza zaidi. Mama alisimamisha cherehani. Akaja akakaa pembeni yangu, akasema dunia ikikosa akili hata ya kumchagua mwanawe, basi haistahili kuhukumiwa naye. Kisha akaniambia nimlete huyo binti apimwe, koti lipunguzwe mabega, asije akafa na baridi ya watu.

Alhamisi, 18 Aprili

Tanbihi ameondoka. Nimembebea sanduku mpaka kwenye gari. Alinishika mkono, akasema hatanisahau, maana kila alichoulizwa kwenye usaili wake kilitokana na kazi niliyompa mimi. Nikamjibu asijali. Nilimaanisha, kwa dakika kama mbili.

Niliporudi, tangazo jipya ubaoni! Tume ya kimataifa, ng'ambo nyingine, miezi minne, wanafunzi wa uzamili wa sheria, maombi mpaka katikati ya Mei. Nafasi moja! Sijahitimu bado! Kizuizi ni kimoja: yuko kijana wa mwaka wa kwanza, mkimya, tunamwita Mpole, alama zake zinatisha, na hana kazi yoyote jioni.

Nimekaa kitandani nikajichunguza kama mtu mzima. Nimejiuliza kwa Tanbihi niliharibu wapi, na sikujihurumia. Nimepaona. Kazi tatu! Nilimpa kazi tatu tu, na kwa kazi tatu mtu yeyote anapata nafasi ya kupumua. Kesho asubuhi naenda kwa Profesa. Mpole nampa saba.