Matairi Yanayoshika

Jumatatu, 9 Juni
Siku ya mia mbili na kumi na moja tangu mke wangu Charlene aondoke. Jumamosi nilimwona uwanja wa mbio za magari. Anakaa kibandani, mwisho wa njia ya kurudi, akigawa karatasi za muda kwa kila aliyekimbia. Nilikimbiza pikapu mara sita ili anipe karatasi sita. Zote mbaya: sekunde kumi na nne na ushei. Taa ya kijani inawaka, matairi ya nyuma yanazunguka palepale, moshi tele, gari halisogei. Akasema ndivyo alivyoishi nami miaka tisa: kelele nyingi, safari hakuna.

Nimeamua. Matairi yanayong'ang'ania lami. Nikishuka chini ya kumi na tatu, atarudi.

Jumanne, 10 Juni
Dukani kwa Lonnie Bascom. Ndiye muuza matairi pekee mjini, na mshindani wangu uwanjani, na karatasi zake Charlene humpa na tabasamu. Simpendi. Akanionyesha vipara, matairi yasiyo na mistari: vinashika kweli, ila polisi hawavitaki barabarani, nami natakiwa kazini kila asubuhi. Kuna ya kawaida, haya ninayoyachoma. Na kuna ya katikati: laini, mistari michache, ruksa barabarani, lakini yanaisha upesi na mvua huyatia wazimu. Nikachukua hayo.

Lonnie akaonya kwamba tairi likishika, nguvu itatafuta pa kutokea. Nibadilishe kwanza propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Wivu tu.

Alhamisi, 12 Juni
Yamefungwa! Yananata kama asali. Yaliokota kila kokoto hadi kiwandani. Nilipita nyumbani kwa dada yake Charlene mara nne. Ya tano, dada akatoka na mpira wa maji, akanilowesha.

Kikombe cha Charlene bado kinaning'inia jikoni, alama ya mdomo wake pembeni. Sijakiosha. Namtamani mpaka mbavu zinauma.

Jumamosi, 14 Juni
Niliweka mifuko minne ya mchanga nyuma, kuongeza uzito. Mkaguzi akaamuru yote ishuke, haikufungwa kwa bolti. Sawa. Nikayachoma matairi kwenye dimbwi la kuanzia, yazunguke palepale yapate moto, mpaka yakanukia. Kijani. Yakashika! Mama yangu, yakashika! Pua ya pikapu ikanyanyuka, nikaona mawingu.

Mita ishirini. Kisha mlio chini ya kiti. Propela vipande viwili.

Lonnie ndiye aliyenivuta kwa kamba hadi dirisha la kibanda cha Charlene, polepole, watu wakipiga makofi. Charlene hakucheka. Karatasi yangu haikuwa na namba.

"Virgil, sijawahi kukuomba sekunde mimi. Nilikuomba uje kula chakula kingali cha moto. Ijumaa saa kumi na mbili jioni, pale mgahawani kwa kambare. Njoo hata kwa miguu. Nitakungoja nusu saa."

Nimelia ndani ya gari linalovutwa. Jambo la aibu kuandika.

Ijumaa, 20 Juni
Nilinyoa ndevu mara mbili. Saa kumi na moja na nusu simu ya Lonnie: propela mpya imefika, pamoja na matairi mapana zaidi, jozi ya mwisho, na kuna mtu mwingine anayamezea mate. Anafunga saa kumi na mbili. Nikaazima gari la mama. Dakika kumi kwenda, kumi kurudi. Sikuhesabu muda wa kuyapakia, wala wa kuyatazama.

Nilifika kwa kambare saa moja kasoro kumi. Mhudumu akasema Charlene alingoja dakika arobaini, akitazama mlango, akakataa kuagiza mpaka nije. Glasi yake ya chai ya barafu ilikuwa bado mezani. Nikaishika. Bado ya baridi.

Jumamosi, 21 Juni
Mhudumu aliniruhusu kuondoka na glasi. Nimeiweka karibu na kikombe.

Nimefikiri sana leo, kwa uaminifu, na kosa langu nimeliona. Dakika kumi tu zilinikosesha mke. Gari la mama linateleza kila linapoondoka kwenye taa, matairi yake yamechoka. Lingekuwa na yanayoshika, ningemkuta.

Jumatatu nitamwuliza Lonnie kama anayo ya saizi ya gari la mama.