Kabari Haidanganyi

Jumatatu, 3 Novemba

Kazi imepatikana. Au karibu. Patro Vital, bosi wa kampuni ya malori, anatafuta shofere mmoja wa kamyo moja na njia moja: Bunia, Mambasa, Kisangani, mwaka mzima. Divine, sekretere wake, alisema nije Ijumaa kutia sahihi kontra. Miezi mitano sijashika usukani. Mke wangu Godelive alipiga vigelegele, akaenda kuazima termosi ya dada yake kwa ajili ya safari. Mimi sikudanganyika. Kampuni inayomtaka shofere haraka hivyo inaficha kitu. Nina siku nne za kuichunguza.

Jumanne, 4 Novemba

Niliketi kwa mama Faida, anayepika chakula mbele ya lango la kampuni, mtaa wa Nyakasanza. Saa mbili asubuhi hadi saa nane. Miwani ya jua, kofia ya kaka yangu. Hakuna atakayenitambua. Kamyo sita ziliingia. Mashofere wote wanacheka. Wanacheka nini? Nilimuuliza mama Faida shofere wa zamani alikwenda wapi. Alisema alizeeka akarudi Kilo kulima mihogo. Jibu safi mno. Nilipoondoka aliniita: "Papa Blanchard, unasahau miwani!" Nani amemfundisha jina langu?

Jumatano, 5 Novemba

Jirani yangu Lambert, shofere naye, ameonekana langoni na Divine. Alidai alikuwa anasalimia tu. Lambert hajawahi kusalimia mtu bure. Akanishauri nitie sahihi haraka. Basi nisitie kwanza! Godelive aliniuliza: "Weye unatafuta kazi ao unatafuta mwizi?" Nilimwambia miteremko ya njia ya Mambasa haina huruma. Alisema njaa nayo haina.

Alhamisi, 6 Novemba

Mbinu ya kweli, hatimaye. Wazee wa barabara walinifundisha: usiulize kampuni habari za breki, tazama kabari. Ni kile kipande cha mti ambacho konvoyeri, msaidizi wa shofere, hukiweka nyuma ya gurudumu kamyo ikishindwa mlimani. Kabari imetafunwa, breki zimekufa. Kabari haidanganyi.

Niliingia kwenye parkingi nikisema natafuta choo. Kamyo ambayo ningepewa ilisimama kwenye mteremko mdogo, kabari chini ya gurudumu. Upande uliolala chini hauonekani. Nikaipiga teke mara tatu, ikatoka. Imetafunwa kama muwa! Niliiinua kwenye jua niione vizuri. Ndipo kamyo ikaanza kuondoka.

Ilikwenda polepole, kwa heshima, bila mtu ndani. Ilimpita fundi Kamate, aliyekuwa ameketi kwenye turubai akifungua pakiti ya mipira ya breki. Mipya. Ya kamyo ileile. Ya zamani alikuwa ameing'oa asubuhi, kwa amri ya patro, ili shofere mpya aanze na breki nzima. Kamyo ilisimama ndani ya ofisi ya Divine. Divine alikuwa ametoka nje kwenda kupiga kopi ya kontra yangu. Mungu ni mkubwa.

Na kabari? Kamate anasema aliiazima kwa mama Faida. Mama Faida hupasulia kuni juu yake.

Ijumaa, 7 Novemba

Patro Vital hakupiga kelele. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Alisema kontra nyingine zipo, ofisi hakuna. Alisema anahitaji shofere anayeacha kabari mahali pake. Kamate akaongeza: "Kamyo ilikuwa inangoja breki, muzee. Ni weye hukungoja." Lambert alitia sahihi saa nne. Kwa kalamu yangu.

Godelive alirudisha termosi kwa dada yake.

Jumatatu, 10 Novemba

Lambert ameondoka na breki mpya. Amepiga honi mara tatu mbele ya nyumba yangu. Moja ingetosha.

Nimetafakari. Kampuni inayoacha kamyo itembee yenyewe mbele ya wageni si kampuni. Nimeponea chupuchupu!

Shemeji Orly amekuja na habari: kuna kampuni nyingine inayotafuta shofere wa njia ya Mahagi. Anasema ni watu wema. Amelisema mara mbili. Kwa nini mara mbili?

Alasiri nilipita kuangalia, kwa kofia tofauti. Parkingi yao iko kilimani. Kamyo nne zimepangwa mstari, moja nyuma ya nyingine, kila moja na kabari yake. Kutoka barabarani, upande wa chini hauonekani kabisa.

Kesho nitaingia.